Mama wa Mgonjwa wa Kumi na Nne

Jumatatu, 2 Machi

Muhula umeanza, na mvua nayo haikutaka kubaki nyuma. Wanafunzi wapya wa famasia wamekuja kupimwa makoti meupe, wameloa, wanacheka. Nimepima mabega tangu asubuhi. Kuna msichana ambaye bega lake la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia, kama la binti yangu Chiriku. Nikamwambia Mama Vifungo, mwenzangu wa dukani, ampime yeye, mimi nikaenda nyuma kutafuta uzi ambao haukupotea.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Makoti. Nimefumua kola nilizoshona jana.

Ijumaa, 6 Machi

Amekuja mhadhiri wa famasia, ambaye nimemshonea tangu yeye mwenyewe akiwa mwanafunzi. Nilidhani ameleta koti, kumbe mikono mitupu. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akazungukazunguka na habari za mvua mpaka Mama Vifungo akamwambia, "Mwalimu, sema, usitupigie chenga."

Akasema. Vyuo vikuu vinne vimeungana kutengeneza masomo ya kwenye kompyuta kwa wanaosomea famasia na wanaosomea sayansi ya viumbe. Mna wagonjwa wa kubuni humo. Mwanafunzi anakaa mbele ya skrini kana kwamba yuko duka la dawa, mgonjwa anaingia, naye anachagua la kuuliza na dawa ya kutoa. Akikosea, amemkosea mtu ambaye hayupo. Wagonjwa kumi na watatu wameshakamilika. Anaomba wa kumi na nne atokane na habari ya Chiriku.

"Hatutataja jina, mama. Na sura haitakuwa yake."

"Sasa kitakachobaki chake ni kipi?"

Akatazama chini. "Lile swali ambalo hamkuulizwa."

Nikamwambia nitazungumza na baba yake Chiriku.

Jumamosi, 7 Machi

Baba yake amerudi kazini na rangi ya kijani hadi kwenye nyusi, maana wanapaka shule. Nimemweleza wakati ananawa. Aliendelea kusugua vidole muda mrefu, hata vilivyokwisha kutakata.

"Wanataka kumfanya somo."

"Ndiyo."

"Wewe unataka?"

"Sijui. Nadhani ndiyo."

"Basi mimi sina neno," akasema. Ndivyo anavyosema siku hizi kwa kila kitu. Zamani tulikuwa na mtu wa kupiga soga nyumba hii, ndiyo maana tukamwita Chiriku, na baba yake ndiye aliyekuwa akimchokoza ili aongee zaidi. Sasa hana neno.

Jumapili, 8 Machi

Mhadhiri aliniomba niandike ilivyokuwa. Naandika hapa kwanza, nitamnakilia baadaye.

Chiriku alizaliwa mzima. Akiwa na miaka tisa aliugua homa ya viungo ikaingia moyoni. Baadaye wakampasua, wakamtilia valvu ya chuma. Tangu siku hiyo moyo wake ukawa unasikika. Chumba kikitulia, ungeusikia ukigonga taratibu kama saa ya mkononi. Alikuwa akiwaambia watoto wenzake, "Msibishane, mimi ndiye ninayejua saa." Kwa ajili ya hiyo valvu alikunywa kila siku kidonge cha kuzuia damu isigande. Vidonge hivyo nilivibeba mimi kwenye mkoba kila tulipotoka, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa kupoteza vitu. Hata kiatu aliwahi kurudi nacho kimoja.

Jino lilimuuma akiwa na miaka kumi na tisa. Shavu likavimba. Tukaenda duka la dawa, mimi na yeye, yeye ameshika shavu na kwa mara ya kwanza maishani hana la kusema. Muuzaji alikuwa mtu mpole. Aliuliza umri wake. Akauliza kama kuna dawa inayomdhuru, nikasema hapana. Akauliza vidonda vya tumbo, nikasema hana. Akatoa dawa mbili, moja ya kuua vijidudu, ya pili ya maumivu, akaandika juu ya pakiti jinsi ya kunywa, akamwambia pole. Mkoba ulikuwa juu ya kaunta, mbele yake. Vidonge vya moyo vilikuwa ndani.

Mimi nikienda kununua dawa nangoja kuulizwa, kama mteja wangu anavyongoja nimpime. Sijawahi kumngoja mteja aniambie upana wa bega lake. Hajui kwamba unahitajika.

Nilimpa dawa mwenyewe, kwa wakati, kama ilivyoandikwa. Jino likatulia. Ufizi ukawa unatoa damu, tukasema ni jino. Paja likawa na alama nyeusi, akasema amejigonga kwenye cherehani. Kisha kichwa. Hospitali, daktari hata hakumaliza kumtazama, akaniuliza, "Anatumia dawa gani nyingine?" Nikafungua mkoba nikampa chupa. Niliuona uso wake ulivyobadilika. Dawa zile mbili za jino zilikuwa zimekipa nguvu kidonge cha moyo kupita kiasi, na damu ilikuwa imevuja kichwani.

Matangani baba yake aliniuliza, "Kwani hukusema?" Aliuliza mara moja tu, bila ukali. Hajauliza tena. Tangu siku hiyo tunaishi ndani ya swali hilo kama wapangaji.

Jumatatu, 9 Machi

Nimempa mhadhiri. Alisoma amesimama mlangoni, mvua inampiga mgongoni, hakuingia ndani mpaka alipomaliza.

Alhamisi, 19 Machi

Mama Vifungo kasema wanafunzi wa mwaka huu wamekonda mno. "Hawa wakivaa, ni koti ndilo linakwenda darasani." Nimecheka. Nikajistukia ninacheka.

Yeye peke yake bado ananiita Mama Chiriku. Wengine sasa wananiita fundi, wanadhani wananihurumia.

Jumanne, 31 Machi

Mvua imebomoa ukuta wa kinyozi wa jirani. Hakuna aliyeumia.

Jumatano, 15 Aprili

Mhadhiri amenipeleka kuona kazi ilipofikia. Chumba cha kompyuta kiko ghorofa ya pili, madirisha yamefungwa, vitambaa vya kufunikia mashine vimekunjwa vizuri juu ya kabati. Akanieleza wanavyogawana kazi. Chuo chetu kinaandika mgonjwa. Cha pili, watu wa sayansi ya viumbe, wanachora yanayotokea ndani ya mwili. Cha tatu kinatengeneza programu yenyewe. Cha nne kinakagua na kuongeza ugumu. Somo haliwafikii wanafunzi mpaka vyote vinne vimekubali. Na wana sharti: mgonjwa akitokana na mtu wa kweli, vyuo vingine haviambiwi, ili kulinda siri ya familia.

Halafu akauliza, "Uko tayari kuona damu, mama? Ni michoro tu."

Nikasema niko tayari. Ikatokea njia kama bomba, na ndani yake vitu vyekundu vya mviringo vinapita vikisukumana, vizuri kabisa, kama watoto wakitoka shule. Pakatoboka mahali padogo. Vingine vidogo vikakimbilia pale kutaka kuziba, vikafika, vikateleza. Vikaja vingine, vikateleza. Hakuna hata kimoja kilichokaa nyuma. Vyote vilikuja.

Nilikuwa sijui kwamba mwili wake ulijaribu hivyo.

Mhadhiri akazima. Akanishika mkono, nami nikamwacha aushike. Ni mtu mwema huyu. Nimerudi nyumbani nikitaka kumsimulia baba yake, nikamkuta amelala na viatu.

Jumatano, 22 Aprili

Wanatia sauti. Mwigizaji waliyemleta kusema maneno ya mama alikuwa akilia kuanzia neno la kwanza. Fundi wa sauti, mtu mzima mwenye upara na masikio makubwa, akaniangalia.

"Wewe unamwonaje, mama?"

"Dukani sikulia," nikasema. "Lilikuwa jino tu."

Akakuna upara. "Basi sema wewe. Usiogope, Mungu alinipa masikio akasahau nywele, nitakusikia hata ukinong'ona."

Jumamosi, 25 Aprili

Leo nimesema. Chumba cha kurekodia kuta zake zimefunikwa magodoro, na ukimya wake si wa kawaida. Nilisimama ndani nikatega sikio bila kujua ninatega nini. Kisha nikajua. Nyumbani angalau kuna mvua juu ya paa, kuna mbwa wa jirani. Mle hakuna chochote, na moyo wa Chiriku nao haumo.

Fundi wa sauti alikuwa akisoma maswali ya mfamasia kutoka upande wa pili wa kioo, nami ninajibu. Umri. Kumi na tisa. Kuna dawa inayomdhuru? Hapana. Tukafika lile ambalo mwanafunzi mwenye akili atalichagua.

"Kuna dawa nyingine—"

"Ndiyo," nikasema. "Anatumia ya moyo. Hii hapa, ninayo mkobani."

Akasimamisha mashine. "Mama, umejibu kabla swali halijaisha."

Tukarudia. Nikawahi tena. Tukarudia. Mara ya mwisho nilijifunga mdomo kwa kiganja mpaka alipomaliza kuuliza, ndipo nikasema. Akavua vile vya masikioni, akageukia ukutani kana kwamba kuna waya wa kutengeneza.

Jumapili, 26 Aprili

Nimelala vizuri.

Jumatatu, 4 Mei

Makoti ya mwisho yamechukuliwa. Mvua imepungua, matope ndiyo yanatawala.

Jumanne, 12 Mei

Nimeitwa tena kwenye sauti. Mhadhiri hakuwepo, ana mitihani. Fundi wa sauti akasema ni mabadiliko madogo kutoka chuo cha nne, sentensi mbili tatu.

"Nikikuuliza dawa nyingine, sasa unajibu: Hapana, hatumii dawa yoyote."

Nilidhani amechanganya wagonjwa. Nikamwambia, "Hiyo si ya kwangu."

Akaitazama tena karatasi yake. "Ni ya mgonjwa wa kumi na nne. Wameandika hapa: mama anaficha. Akiulizwa mara ya pili anakana kwa hasira. Akiulizwa mara ya tatu ndipo anatoa dawa."

"Anaficha kwa nini?"

"Hawakuandika kwa nini."

Nikamwomba asome tena. Akasoma, sauti inazidi kushuka. Hakujua. Yeye alidhani mimi ni mtu wa kusema maneno tu. Nikamwambia, "Baba, huyo msichana ni mwanangu." Masikio yake yote mawili yakawa mekundu. Akaja upande wangu wa kioo, akasimama, hajui aweke wapi mikono.

Nikatoka. Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani katika matope yale. Baba yake alikuwa kibarazani anasafisha brashi. Akauliza, "Kuna nini?" Nikamwambia, nikiwa bado nimesimama njiani, kwamba kwenye somo lao wameandika mimi nilificha dawa.

Hakusema wameongopa. Nilingoja aseme. Maji ya rangi yalikuwa yakimdondoka miguuni. Kisha akauliza, "Nani aliyewaambia hivyo?"

Nani aliyewaambia. Kana kwamba kuna jambo la kuambiwa.

Jumatano, 13 Mei

Sikufungua duka. Mama Vifungo amekuja, amekaa, amezungumza habari za vifungo peke yake mpaka nikaoga.

Alhamisi, 14 Mei

Mhadhiri amekuja nyumbani. Sikumkaribisha kiti, naye hakukitafuta.

"Uliyaona?" nikamuuliza.

"Niliyaona, mama."

"Ukayapitisha."

"Nikayapitisha." Alikuwa amejishika viwiko kama mtu mwenye baridi. "Tuna desturi. Kila mgonjwa lazima awe na kikwazo, la sivyo somo linakuwa jepesi mno. Wa tatu ni kiziwi. Wa saba amelewa. Wa kumi ana haraka ya safari. Wenzetu wa chuo cha nne walitafuta kikwazo kwa huyu wakakosa, wakamfanya mama awe ndiye kikwazo. Hawajui kama upo. Nami nilisoma kama mwalimu anayepitia kazi. Sikusoma kama mtu aliyekuja msibani kwako."

Nilitaka kumchukia na nilikuwa na haki. Lakini alikuwa amevaa koti nililomshonea, mfuko mmoja umeanza kuachia, na mkono wangu ukawa unakwenda wenyewe kutafuta sindano. Nikauzuia.

"Mwalimu, baba yake naye sasa anadhani nilificha."

Akaanza kulia. Nikamwacha alie akiwa amesimama.

Jumatatu, 18 Mei

Mama Vifungo akizungusha gurudumu la cherehani: "Lakini nawe Mama Chiriku, kweli hukuweza kusema tu? Mdomo si ulikuwa nao?"

Halafu akajiziba mdomo. Nikamwambia asijali. Afadhali aliyeuliza mbele ya uso wangu. Nikamweleza yale ya bega. Akasema, "Mimi mwenyewe ninakunywa ya presha, na sijawahi kuwaambia watu wa duka la dawa. Sijui kwa nini. Hawajauliza."

Jumatano, 20 Mei

Kikao cha vyuo vinne, kwenye skrini kubwa. Mhadhiri amevunja sharti lao, ameniingiza. Akasema, "Huyu ni mama wa mgonjwa wa kumi na nne." Nyuso zote zikaganda, nikadhani mashine imekwama.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakanikimbia. Nikasema tu, "Mimi sikuficha. Naomba mniondolee hilo."

Mzee mmoja wa chuo cha nne akavua miwani. "Mama, mimi ndiye niliyeandika. Nimekosa. Nilikuwa natafuta ugumu, nikaupata mahali pa karibu."

Mwenzake, mwanamke kijana, akasema kwa heshima kwamba anasikitika sana, lakini mama akijibu papo hapo, mwanafunzi yeyote atafaulu. Somo litafundisha nini? Sikumwona mbaya. Anaifanya kazi yake.

Mhadhiri akasema, "Tuwajaribu. Tuliweke kama lilivyokuwa, bila kikwazo, wanafunzi wetu wote walifanye. Wakifaulu wote, nitanyamaza."

Wakakubaliana wiki ijayo.

Jumatano, 27 Mei

Nimekaa nyuma ya chumba cha kompyuta, karibu na kabati. Hawakuambiwa mimi ni nani. Makoti yangu yote yalikuwa yamenipa mgongo.

Chiriku akaingia kwenye skrini zote kwa pamoja, si sura yake, lakini ameshika shavu. Wanafunzi wakauliza umri. Wakauliza mzio. Wakauliza vidonda vya tumbo. Swali langu lilikuwa pale kwenye orodha, la tano, limeandikwa sawa na mengine. Nikaona mishale ya skrini inapita juu yake inaelekea kwenye dawa. Mmoja ukasimama juu yake, nikashika kiti, ukaendelea. Wakatoa dawa ya vijidudu na ya maumivu, wakasema pole. Skrini moja baada ya nyingine ikageuka kijivu, ikaandika kwamba mgonjwa amefariki. Mvulana wa mbele akasema, "Aa! Wa jino? Amekufaje wa jino?"

Wachache waliuliza. Yule msichana wa bega lililoshuka aliuliza. Nikasikia sauti yangu ikitoka kwa mbali pale mezani pake: Ndiyo.

Jioni mhadhiri akanieleza kwamba vyuo vingine navyo ni hivyo hivyo, wengi hawakuuliza. Kikwazo kimeondolewa. Mama hafichi. Hakufurahi, wala mimi sikufurahi. Kisha nikamwambia alete koti, mfuko unaachia.

Alhamisi, 28 Mei

Nimemwambia baba yake. Alikuwa anakula, akaweka kijiko chini.

"Wengi hawakuuliza?"

"Wengi."

"Na wanasomea."

"Wanasomea."

Akaisogeza sahani pembeni. "Unadhani nami wataniruhusu kukaa kwenye hicho kidude?"

Jumamosi, 30 Mei

Fundi wa sauti ametufungulia chumba cha kompyuta. Alimwita baba yake "kaka," akamwonyesha jinsi ya kushika kipanya, naye akakishika kama brashi, kwa ncha za vidole. Nilisimama nyuma yake. Kisogo chake kina mvi nyingi kuliko nilivyodhani.

Mlango wa duka ukafunguka kwenye skrini. Msichana akaingia ameshika shavu, mama yake nyuma. Baba yake akasoma maswali polepole, midomo ikicheza. Akaruka umri. Akaruka mzio. Mshale ukatetemeka, ukafika, akabofya.

"Kuna dawa nyingine anayotumia?"

"Ndiyo," nikasema kule ndani. "Anatumia ya moyo. Hii hapa, ninayo mkobani."

Mfamasia akarudisha zile dawa mbili kwenye rafu. Akampigia daktari wa moyo. Akatoa nyingine, isiyogombana na kidonge chake. Msichana na mama yake wakatoka, na ikaandikwa kwamba mgonjwa amerudi nyumbani salama. Tukangoja wote wawili, tumekaza macho, kuona atafanya nini huko nyumbani. Somo haliendi huko. Skrini ikawa nyeupe, kisha mlango wa duka ukafunguka, msichana akaingia ameshika shavu.

"Amerudi," akasema baba yake.

Akauliza tena. Nikajibu. Akaenda nyumbani salama, akarudi na shavu lake, baba yake akauliza tena. Sasa alikuwa hasomi, kidole kilikwishajua njia. Mabega yake yalikuwa yanatikisika na hakutoa sauti yoyote. Fundi wa sauti alisimama mlangoni na funguo, akatutazama, akazirudisha mfukoni, akavuta kiti akakaa huko nje.

Baba yake hakugeuka. Mimi hakuniuliza kitu. Alimuuliza yule wa kwenye skrini, na kila alipouliza, nilijibu.